CD-RW na faili "zilizopotea"

Mwaka 2004 nilipoteza picha 40 za nyanya yangu, na kosa la mwisho lilikuwa langu mwenyewe. Leo nawaeleza ilivyotokea. Hadithi yenyewe ni ya zamani kiasi, lakini najua wengi wenu bado mna CD kwenye droo, na huenda moja imeficha kitu.

Picha zilipigwa na binamu yangu kwa kamera ya kuazima, kisha tukazichoma kwenye CD-RW. Wiki chache baadaye nikaipeleka CD hiyo cyber ili niongezewe barua tatu za kuomba kazi. Kijana wa pale akazichoma, nikalipa, nikaenda. Nilipoifungua CD nyumbani nikakuta faili tatu tu. Folda ya picha haikuwepo. Nikarudi mbio.

"Boss, hii CD iko sawa," akaniambia. "Labda ulizifuta mwenyewe."

Sikuwa nimefuta kitu, na hata yeye hakuwa amefuta. Picha zote 40 zilikuwa bado mle ndani. Ili kuelewa kwa nini hazikuonekana, inabidi turudi nyuma kidogo.

CD ilianza kuuzwa 1982, kazi ya Philips na Sony, na ilikuwa ya muziki. Nyimbo zilipigwa chapa kiwandani, na mwanzoni mwa diski ikawekwa orodha ya yaliyomo. Albamu ikishatoka haiongezwi wimbo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji njia ya kuibadilisha orodha hiyo.

Kompyuta zilipoanza kutumia CD, wazo hilo likaja nalo. Novemba 1985 wawakilishi wa kampuni kadhaa walikutana katika hoteli ya High Sierra, huko Nevada, Marekani, wakubaliane namna moja ya kupanga faili. Makubaliano yao ndiyo yaliyozaa ISO 9660 mwaka 1988. Faili hupangwa mfululizo na orodha ya folda huandikwa mara moja. Ni mpango mzuri kwa kamusi au ensaiklopidia, lakini kwa mtu anayetaka kuongeza barua kesho yake ni shida.

Ajabu ni kwamba suluhisho lilisukumwa sana na picha! Kodak, wakishirikiana na Philips, walileta Photo CD mwaka 1992. Diski moja ilibeba picha kama 100, lakini filamu ya kawaida ilikuwa na 24 au 36. Mteja angejaza vipi? Ilibidi aweze kurudi dukani na diski ileile aongezewe. Hapo ndipo watu wengi walipoanza kuzijua sesheni.

Sesheni ni kama CD ndogo ndani ya CD. Ina mwanzo wake, mwisho wake na orodha yake. Ukiongeza faili, orodha ya zamani haiguswi. Inaandikwa mpya mbele yake, na hiyo mpya inaweza kutaja faili za sesheni zilizotangulia. Nafasi inaliwa pia: sesheni ya kwanza hula kama MB 22 kwa mipaka yake tu, na kila inayofuata kama MB 13. Ndiyo maana ulikuwa ukiongeza kafaili kadogo unashangaa nafasi imeenda wapi.

Sasa sikiliza hapa. Kompyuta kwa kawaida husoma orodha ya sesheni ya mwisho pekee. Kama programu ya kuchomea haikuambiwa ichukue kwanza orodha ya zamani na kuiendeleza, orodha mpya itataja faili mpya tu. Zile za zamani zipo, ila hakuna anayezitaja. Hilo ndilo lililotokea pale cyber: kijana alianzisha sesheni mpya badala ya kuendeleza ile iliyokuwepo.

Basi kwa nini picha zilipotea kabisa? Kwa sababu diski ilikuwa CD-RW.

CD-RW ziliingia sokoni 1997. Ndani yake kuna mchanganyiko wa fedha, indiamu, antimoni na teluriamu. Leza ikiupasha joto kali unayeyuka na kupoa ukiwa umefifia. Ikiupasha joto la wastani unarudi kung'aa. Hivyo unaweza kufuta na kuandika kama mara 1,000. Lakini namna ya kupanga faili ilibaki ileile ya sesheni. Huwezi kufuta faili moja na kuirudisha nafasi yake. Ukifuta, unafuta diski nzima.

Na mimi nikafuta. Nilijiambia, "Kama picha hazipo, wacha basi niitumie kwa nyimbo." Nikachagua kufuta haraka, ambako huondoa orodha tu, kisha nikachoma nyimbo. Picha zilikuwa mwanzoni kabisa mwa diski, na nyimbo zikaanzia palepale. Ingekuwa CD-R ya kawaida nisingeweza kuifuta, na leo ningekuwa na picha za nyanya.

Kulikuwa na njia nyingine. Toleo la UDF 1.50 la 1997 liliwezesha kuandika kwa pakiti ndogondogo, na programu kama DirectCD na InCD ziliifanya CD-RW ifanane na floppy kubwa: buruta faili, dondosha, futa moja ukitaka. Lakini kwanza ilibidi uifomati diski, na diski ya MB 650 ilibaki na karibu MB 530. Halafu Windows 98 haikuweza kuisoma bila programu ya ziada. Ukiipeleka cyber, hujui kama itafunguka. Windows XP ya 2001 ilikuja na uwezo wake wa kuchoma CD, lakini kwa sesheni. Windows iliyoleta njia ya pakiti ndani yake ni Vista, Januari 2007, na wakati huo fleshi za USB zilikuwa zimeshateka mifuko yetu.

Haya yote niliyajua baadaye, nilipokuwa tayari naandika programu kwa mshahara. Nyanya alikuwa ameshafariki.

Kwa hiyo, ukipata CD ya zamani inayoonyesha faili chache kuliko unavyokumbuka, usiifute. Igeuze uangalie chini: sehemu iliyoandikwa huwa na rangi tofauti kidogo, na kama ni pana kuliko faili unazoziona, shuku sesheni. Programu kama IsoBuster hukuonyesha kila sesheni peke yake. Kwenye Linux, amri ya mount ina chaguo liitwalo session la kufanya hivyohivyo. Ukipata kitu, kinakili mahali pengine siku hiyohiyo, maana hizi diski nazo huchakaa.

Na ukimpa mtu akuongezee faili, fungua uone za zamani kabla hujatoka mlangoni.