Siku Nne za Kungoja Liemba

Jina la kwanza nililosahihishwa Kigoma lilikuwa la samaki. Nilimwomba muuzaji mmoja anichomee mukeke, akacheka. “Mgebuka, binti yangu. Mukeke ni wa Bujumbura.” Samaki ni yuleyule, ziwa ni lilelile Tanganyika, nami nilikuwa nimezaliwa ukingoni mwake, Baraka, upande wa Kongo. Nilikula nikiwa nimenuna. Alikuwa mtamu.

Ilikuwa mwaka 1997. Mobutu alikuwa ameanguka, na meli ya Liemba ilikuwa ikiwarudisha wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma hadi Uvira, maelfu kwa maelfu. Ilikuwa imeondoka na kundi lililotutangulia. Sisi tukaambiwa tungoje irudi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama mdogo, ambaye hakujua kukaa kitako, akanishika mkono tukapanda barabara kuu yenye kivuli cha miembe, tukasoma kibao: Lumumba. Mtu wetu, barabara yao. Tukaendelea hadi Ujiji.

Kuna bustani pale, mahali Stanley alipomkuta Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871. Mwembe wa siku ile ulikufa zamani. Iliyopo sasa ni miembe miwili iliyotokana nao. Wageni hupiga picha jiwe la kumbukumbu, kisha huenda zao. Mimi kilichonishangaza ni kwamba ziwa halipo. Ujiji ilikuwa bandari, lakini kutoka bustanini mpaka majini ni mwendo. Mzee mmoja aliyekaa kivulini alituambia kwamba maji yalirudi nyuma baada ya mto Lukuga, ule wa Kalemie, kufunguka na kuanza kulimwaga ziwa kuelekea Kongo. “Hata maji yetu mliyachukua nyie,” akasema.

Nilikuwa nimemsalimu, “Jambo, baba,” kama tunavyosalimiana kwetu. Akamgeukia mama mdogo. “Mama, mfundishe huyu. Huku mtu mzima haambiwi jambo. Anaamkiwa shikamoo.” Mama mdogo mwenyewe hakuwa akiijua vizuri, tukaisema pamoja. Mzee akafurahi, akatuita wajukuu zake, halafu akatueleza kwamba si maneno ya adabu tu: babu yake alikuwa Mmanyema, aliyetoka Kasongo, kwetu Kongo.

Hapo ndipo Ujiji iliponifungukia. Misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Manyema ilivuka ziwa, ikatua hapa, ikaendelea Tabora hadi pwani. Wengine walifika wamefungwa, wengine wakiwa wapagazi au wachuuzi, na wengi hawakuendelea. Walibaki, wakasilimu, wakajenga, wakawa wenyeji. Wapo wasemao miembe ya njia ile iliota kutokana na kokwa walizotupa watumwa. Sina hakika. Baadhi yake imesimama kwa mstari ulionyooka mno. Pale kuna mtu aliyepima hatua na kuchimba mashimo. Lakini chakula nilikiamini. Ugali wa muhogo, mawese mekundu, sombe ambayo wao waliiita kisamvu: nilikuwa nimevuka ziwa nikakuta jungu la nyanya yangu.

Siku ya nne meli ikatokea. Watu wazima walikuwa wakisimuliana habari zake gatini kama wanavyosimulia za jamaa. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa na kutiwa katika masanduku, ikaletwa kwa treni, kwa kuwa reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata iliteremshwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isiangukie mikononi mwa adui, ila kwanza wakaipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Meli iliyotubeba, basi, ilikuwa imekufa na kufufuka kabla babu yangu hajaoa. Sitahani, nikiwa nimejibana katikati ya magunia, nilinusa grisi usiku kucha, na nilitaka kuamini kwamba ni ileile.

Tulirudi nyumbani, na nyumbani hapakukalika. Vita vingine vikanisukuma kaskazini, Uganda, hadi makazi haya ya Nakivale yaliyoanza na Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapa ninakaanga samaki wadogo ninaowanunua Mbarara. Si wa Tanganyika, ni wa ziwa Victoria, na ulimi unajua. Mganda huwaita mukene. Mrundi huomba ndagala, kama mimi. Binti aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, huomba dagaa, na kabla ya kuomba huniambia shikamoo. Huyo namwongezea kijiko. Kwenye ubao wangu sikuandika jina lolote, niliandika bei tu.