Mlango wa Hadhara: Habari za Waimbaji na Wapiga Ala wa Unguja

Kila ifikapo Februari, katika msimu wa kaskazi, waimbaji na wapiga ala wa makabila na nchi mbalimbali hukusanyika ndani ya kuta za Ngome Kongwe mjini Unguja katika tamasha liitwalo Sauti za Busara. Na mgeni ambaye hajapata kuufahamu mji, aonapo mzee wa udi akishuka jukwaani ilhali kijana wa gitaa la umeme anapanda, huweza kudhani kwamba mchanganyiko huo ni jambo la juzi, lililoletwa na ndege na watalii. Dhana hiyo haina mashiko. Upepo huo huo wa kaskazi ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Maskati, ya Hadhramaut na ya Kachi, na mabaharia wake wakikaa mjini kungoja kusi iwarudishe makwao, wakala, wakaoa, na wakaimba. Ndiyo maana ala za Unguja zimepigwa tangu zamani na mikono ya asili nyingi. Lililobadilika zama baada ya zama ni mlango wa hadhara: nani aliketishwa kusikiliza, nani aliruhusiwa kuimba, na lugha ya nani ilipewa heshima ya kusikika.

Katika zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, mlango huo ulikuwa wa kasri. Sultani huyu, ambaye kabla ya kutawala alikuwa amekaa uhamishoni Bombay na kuyaona mengi, alipenda mapambo na anasa za miji mikubwa, na Beit al-Ajaib aliyoijenga mwaka 1883 ni shahidi wa tabia yake. Husimuliwa kwamba alimpeleka Misri kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni, na aliporudi akawafundisha wengine hata pakawa na jamaa ya wapigaji waliomtumbuiza Sultani na wageni wake. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, nao waliozisikiliza walikuwa ahli ya Sultani, mabwana wa mashamba na wageni wenye vyeo. Kando ya hayo ilikuwako bendi ya Sultani, ambayo tarumbeta zake zilipulizwa na Wagoa. Na ng'ambo ya mkono wa bahari uliougawa mji, katika vibanda vya udongo na makuti, Wanyamwezi, Wazaramo, Wamanyema na watu wa Bara wengineo, wengi wao watumwa au wazao wa watumwa, walicheza kila watu ngoma yao. Basi mji ulikuwa umejaa sauti, lakini kila sauti ilikuwa na kitalu chake, na mwenye ngoma hakuitwa mwanamuziki na mwenye kanuni.

Mlango wa pili ulifunguliwa mwaka 1905, vijana wa mjini walipoasisi chama cha Ikhwani Safaa, wakikirithisha jina la ndugu wa hekima walioishi Basra katika karne ya kumi. Kuanzia hapo muziki huo, taarabu, haukuwa tena hidaya ya mfalme kwa wageni wake peke yao. Ulikuwa mali ya wanachama, waliochanga fedha, wakanunua ala, wakafanya mazoezi na kualikwa arusini. Hii ilikuwa hatua kubwa, maana kwa mara ya kwanza mpigaji aliketi kwa hiari yake, pasipo amri ya mwajiri. Hata hivyo chama kilikuwa cha wanaume, tena wa tabaka lenye nafasi, na Kiarabu kiliendelea kushika mbele, kana kwamba ushairi wa Kiswahili, uliokwisha kufikia kilele Lamu, Pate na Mombasa, haukustahili kuandamana na nyuzi za kanuni.

Aliyeubomoa ukuta huo hakutoka kasrini wala chamani. Alikuwa binti wa Fumba, kijiji cha kusini, aliyezaliwa yapata mwaka 1880 kwa baba Mnyamwezi na mama Mzigua, wote wa nasaba ya utumwa, naye akapewa jina la Mtumwa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule kumkumbusha mtu mahali pake. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti akavichukua kichwani kwenda kuvitembeza mjini, akivinadi kwa sauti iliyowahi kumfika mnunuzi kabla ya yeye mwenyewe kufika. Mwaka 1911 alihamia mjini. Ali Muhsin, mmoja wa wapigaji wa Ikhwani Safaa, akaitambua sauti hiyo na kumfundisha mahadhi na namna ya kuimba na ala. Na baadaye ulimwengu ukamjua kwa jina la heshima, Siti binti Saad.

Siti hakuimba peke yake, na jambo hili aghalabu husahauliwa na wamsifuo. Pamoja naye walikuwako Maalim Shaaban, Buda bin Mwendo, Mbaruk Talsam na Subeit bin Ambar, waliotunga, wakapiga na kuimba naye, na nyumbani kwake Ng'ambo walikutana usiku watu wa kila aina kusikiliza, kujadiliana na kupeana habari za mji. Hapo ndipo yalipotungwa yale yaliyomfanya apendwe na wanyonge na aogopwe na wakubwa: nyimbo za Kiswahili juu ya mahakama, juu ya wanaume wakatili, juu ya wenye mali waliodhani kwamba sheria ni yao. Wimbo mmoja, uitwao Kijiti, ulieleza habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akakimbilia Bara, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliohukumiwa; na kwa kuwa kesi hiyo iliwachoma wengi, wimbo ulibaki vinywani mwa watu kuliko hukumu ilivyobaki katika vitabu vya serikali. Waliomwonea husuda walimtungia mashairi ya kumdharau kwa sura yake na asili yake, naye akawajibu kwa wimbo kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili na adabu.

Mwaka 1928 Siti na jamaa zake walisafiri hadi Bombay, sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri na kampuni ya His Master's Voice, naye akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika kwa njia hiyo. Santuri hizo zilichezwa katika mikahawa ya kahawa ya mwambao na Bara, na Kiswahili kikaingia katika taarabu pasipo kuomba radhi. Alipokaribia mwisho wa aushi yake, mwandishi Shaaban Robert alimhoji akaandika wasifu wake. Na alipofariki, mwaka 1950, hapakuwa na mtu aliyeweza tena kudai kwamba muziki wa heshima ni wa lugha moja au wa damu moja.

Wakati huo huo njia na viwanja navyo vilikuwa na hadhara yao. Watu wa mwambao, tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, walikwisha kuitwaa bendi ya askari wa kizungu na kuigeuza beni, yenye sare, vyeo na mashindano makali, kundi la Marini likishindana na la Arinoti. Na Unguja ikaifanya beni kuwa furaha ya arusi na ya sikukuu. Kadhalika kidumbaki, chenye fidla moja, ngoma ndogo mbili, cherewa, mkwasa na sanduku la mbao lililotiwa uzi kuwa besi, kilimpa taarabu yake mtu asiyekuwa na fedha za kununua kanuni, tena kikamruhusu kucheza, jambo ambalo katika kikao cha taarabu ya heshima lilikuwa makuruhu. Wapigaji wengi walishiriki huku na huku, jioni moja katika kiti cha chama, jioni nyingine mkekani.

Mwaka 1958 kiliasisiwa chama kilichojulikana baadaye kama Culture Musical Club, nacho kilitoka katika mikono ya vijana wa chama cha siasa cha Afro-Shirazi. Na baada ya Mapinduzi ya 1964 vyama vya muziki vikawekwa chini ya uangalizi wa dola, Ikhwani Safaa wakibadilishwa jina wakaitwa Malindi. Siasa ilikuwa imewagawa watu hata arusini, lakini mahadhi yaliendelea kuazimana, kwa maana mpigaji mzuri wa fidla ni adimu, na vyama vyote vinamhitaji.

Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, na Sauti za Busara, lililofanywa kwa mara ya kwanza Februari 2004, ndio milango ya karibuni. Ngome waliyoijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, pahali palipokuwa na kanisa, sasa inakusanya muziki kutoka pande zote za Afrika. Sauti za Busara limeshika sharti la muziki upigwe hapo hapo mbele ya watu, na kiingilio cha mwenyeji kimekuwa pungufu kuliko cha mgeni. Naye mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alisimama jukwaani humo na ngoma yake ya unyago, ngoma ambayo babu zetu wasingekubali isikike nje ya kumbi za wari. Hata hivyo mwaka 2016 fedha zilikosekana na tamasha halikufanyika, jambo linaloonyesha kwamba hadhara inayotegemea wafadhili iko hatarini wakati wote, ilhali Ikhwani Safaa, chama kilichojengwa kwa michango ya wanachama wenyewe, kimeishi zaidi ya miaka mia.

Basi tamasha lipimwe kwa jambo lile lile lililompima Siti: je, mwana wa mfinyanzi anaweza kuingia, akaimba kwa lugha yake, na watu wake wakawako kumsikiliza? Katika chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, wanafunzi wa kike na wa kiume hujifunza kanuni na udi, na kundi la Tausi, lililoasisiwa na Bi Maryam Hamdani, linawaketisha wanawake wenyewe nyuma ya ala ambazo zamani walizisikia tu zikipigwa na wanaume. Hatua hiyo ina uzito kuliko wingi wa wageni ngomeni, kwa sababu mwalikwa huondoka na upepo wake, na mwanafunzi hubaki kumfundisha mwingine.