Gurudumu Bovu Lililozaa Mishumaa ya Majilio

Ukipita madukani Nairobi mwezi wa Desemba, utadhani Majilio hayaadhimishwi bila pesa: shada la plastiki, mishumaa ya rangi, kalenda yenye chokoleti kila siku. Chokoleti hiyo ikifikishwa Nanighi, kando ya Mto Tana kati ya Garissa na Hola, itakuwa imeyeyuka kabla mtoto hajafungua kidirisha cha kwanza. Wala hakuna hasara, kwa sababu aliyeanzisha shada hilo hakuwa na duka. Alikuwa na watoto maskini na gurudumu bovu.

Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia wa Kilutheri, alifungua makao ya watoto maskini pembeni mwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1833. Yaliitwa Rauhes Haus. Inasimuliwa kwamba kila Krismasi ilipokaribia watoto walimchosha kwa swali lile lile: bado siku ngapi? Mwaka 1839 akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalipachika mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe 4. Hesabu yake ilikuwa kamili. Mwaka huo Majilio yalianza Jumapili, tarehe 1 Desemba, na hadi mkesha wa tarehe 24 zilikuwamo Jumapili 4 na siku nyingine 20. Kila siku mshumaa mmoja zaidi uliwashwa, na hata mtoto asiyejua kusoma kalenda aliona mwenyewe safari imefika wapi.

Hori ya maonyesho ya Krismasi ni kongwe kuliko gurudumu hilo. Mwaka 1223, kijijini Greccio huko Italia, Fransisko wa Asizi aliandaa nyasi, ng'ombe na punda ili wanakijiji wauone kwa macho umaskini wa Bethlehemu alikozaliwa Yesu. Injili hazitaji ng'ombe wala punda pale horini, lakini nani atamwambia hivyo mtoto wa Tana, ambaye punda wa kubeba maji anapita mlangoni?

Katika Tana ya chini, kisa hicho cha Krismasi kililetwa na wamisionari. Wamethodisti walifika Golbanti mwaka 1885. Mwaka uliofuata, mmisionari John Houghton na mkewe wakauawa huko katika uvamizi. Mwaka 1887 wakaja Wajerumani wa misheni ya Neukirchen, wakakaa Ngao, karibu na Garsen. Misheni hiyo nayo ilizaliwa katika malezi ya yatima: mwanzilishi wake, Ludwig Doll, alianza na nyumba ya yatima mwaka 1878, misheni ikafuata mwaka 1882. Ferdinand Würtz wa Ngao alijifunza Kipokomo, lugha ya Wapokomo wa Tana, na kutafsiri Maandiko. Shada lililotokana na gurudumu la Wichern lilienea katika nyumba za Ujerumani hasa karne ya 20, kwa hiyo Wapokomo walipata kisa kwanza, mapambo baadaye. Kwangu mimi huo ndio mpangilio sahihi.

Nanighi wengi ni Waislamu, na familia ya Kikristo huko inaishi na majirani wanaomjua vizuri Maryamu, mama wa Yesu. Katika sura ya 19 ya Kurani, inayobeba jina lake, uchungu wa kuzaa unamshika kwenye shina la mtende, naye anapata tende mbivu na kijito cha maji. Luka ana hori na wachungaji. Mtoto aambiwe tofauti hizo waziwazi, atacheza na wenzake bila kubishana ovyo.

Vifaa vya kutengeneza hori nyumbani viko mtoni. Watoto wachote udongo mfinyanzi, wafinyange ng'ombe mwenye pembe, kisha punda, kisha wachungaji, wakizikausha sanamu hizo kivulini zisipasuke. Kila jioni sanamu moja isogezwe kuelekea hori, na mzazi asome aya chache tu. Mamajusi wa Mathayo wabaki mbali, upande wa pili wa chumba, hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Mishumaa chini ya paa la makuti ni kutafuta balaa. Taa ya sola inatosha. Na mvua za vuli zikifurisha mto na kukata barabara, kama Novemba 2023, kazi haisimami kwa kukosa bidhaa.

Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Mzazi, chota udongo wiki moja kabla.