Choo cha Uani na Historia ya Jiji Letu

Anayetaka kuijua historia ya Dar es Salaam asiishie kwenye makumbusho na majengo ya Wajerumani. Aingie pia katika nyumba ya zamani ya Mwananyamala, apite ukumbini katikati ya vyumba sita, vitatu kila upande, hadi atokee uani. Huko, kwenye kona ya mbali kabisa, atakuta bafu na choo cha shimo. Kona hiyo ina siasa nyingi kuliko tunavyodhani.

Siku hizi kona hiyo inahama. Warithi wa nyumba hizi wanaita mafundi, wanatoa chumba kimoja cha kulala, wanakigawa kwa tofali, wanapandisha marumaru ukutani, wanafunga choo cha kukaa, bomba la mvua na simtanki juu. Nyumba inapata “masta”, na mwenye nyumba anahisi ameingia katika usasa.

Lakini choo cha ndani si usasa, wala si jambo la kuletewa. Magofu ya Gede yanaonyesha vyoo ndani ya nyumba za mawe karne nyingi kabla ya ukoloni. Katika jumba la Husuni Kubwa, Kilwa, palikuwa na bwawa la kuogelea lenye pembe nane. Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga Hamamni kwa ajili ya watu wa mjini na kuvuta maji ya bomba. Mswahili alijua kuoga ndani. Swali ni hili: kwa nini Mswahili wa Dar es Salaam alipelekwa uani?

Jibu limo katika sheria za ujenzi. Wajerumani walianza mwaka 1891 kwa kuamuru aina ya majengo yaliyoruhusiwa karibu na bahari. Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliukamilisha mgawanyo wa kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukitenganisha. Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia mjini, mtu wa kufanya kazi kisha arudi kwao. Mpita njia hachimbiwi bomba la majitaka. Akapewa kiwanja, akajenga kwa miti na udongo, akachimba shimo lake mwenyewe. Choo kilikaa mbali kwa sababu shimo linanuka, na shimo lilikuwapo kwa sababu bomba halikuletwa.

Uhuru ulibadilisha mengi. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilibomoa vibanda na kujenga nyumba za kudumu, hasa Magomeni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya redio, na vyoo vingi mno vikachimbwa. Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaboreshwa. Hizo ni juhudi za kuheshimiwa. Hata hivyo, mtandao wa majitaka ulibaki ukihudumia sehemu ndogo tu ya jiji, na wakazi wengi wakaendelea kutegemea mashimo yao.

Hapo ndipo ukarabati wa leo unapogeuka kuwa suala la umma. Choo cha shimo kinaridhika na kopo la maji. Choo cha kuvuta kinakunywa lita 6 au zaidi kila mara. Watu 10 wakikitumia mara 5 kwa siku, ni lita 300 kabla hata hawajaoga. Maji hayo yanaingia katika ardhi ileile, kwenye viwanja vilivyobanana, na mabondeni kama Kisiwani maji ya chini yako karibu. Shimo linajaa upesi. Gari la kunyonya majitaka ni ghali, na mara nyingine haliwezi kupenya uchochoroni. Masika yanapofika, wapo wanaotapisha vyoo, na uchafu wa mmoja unakuwa mlangoni kwa mwingine. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianzia Kinondoni hii hii.

Katika ukoo wetu suala hili lilijadiliwa tulipotaka kukarabati nyumba ya Mwananyamala. Vijana walitaka masta mbili. Shangazi, ambaye ameishi humo na wapangaji kwa miaka mingi, aliuliza jambo moja tu: “Mkishahamishia choo ndani, wapangaji wataoga wapi?” Kikao kikanyamaza. Ramani tuliyokuwa nayo ilikuwa inarudisha kanda za mkoloni ndani ya nyumba moja: marumaru kwa wenye nyumba, kona mbovu kwa wengine. Tukakubaliana kwamba fedha zitangulie kwenye shimo jipya lililojengewa vizuri na kwenye vyoo vya uani vinavyotumiwa na wote. Masta ikasubiri.

Familia moja haiwezi kumaliza deni la miaka mia moja. Wanafunzi wa mipango miji waanze kusoma ua kama wanavyosoma ramani. Wanaharakati wanaodai barabara za mitaa wadai pia bomba la majitaka lipite chini yake kabla ya lami kumwagwa, kwa maana baada ya hapo itabidi ivunjwe. Nanyi watumishi wa manispaa, mnapopitia ombi la kibali cha ukarabati, msiishie kuuliza kuta zitakuwa wapi. Ulizeni maji yatakwenda wapi, na kama hakuna pa kwenda, kumbukeni kwamba jibu hilo si la mwombaji peke yake.