Damu Iliyomwagika Isimani Siku ya Krismasi

Tarehe 25 Desemba 1971, wakati makanisa yetu yakiadhimisha kuzaliwa kwa Mfalme wa Amani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi akiwa kazini. Alikuwa amekwenda Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa kwenye barabara ya Dodoma, katika shamba la mkulima Said Mwamwindi. Baada ya kutupiana maneno, Mwamwindi alichukua bunduki na kumpiga. Kisha aliupakia mwili katika gari la marehemu mwenyewe, akaliendesha hadi polisi Iringa na kujisalimisha. Alishtakiwa, akatiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, akanyongwa.

Ugomvi huo ulikuwa na mizizi yake. Tangu miaka ya 1950, Isimani ilikuwa imefunguliwa kwa kilimo cha mahindi, na wakulima wenye matrekta walilima mashamba makubwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilihimiza vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema: ardhi isiwe ya wachache, na wanyonge wasiwe vibarua wa majirani zao. Lakini kwa mtu aliyefyeka pori kwa jasho lake, nia hiyo ilifika kama amri ya kunyang'anywa. Februari ya mwaka huohuo wa 1971, Mwongozo wa TANU ulikuwa umekataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Chama chenyewe kilijua kwamba jambo jema laweza kuharibiwa na namna linavyotekelezwa.

Hadi leo, kuanzia Iringa hadi Mbeya, kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaomfanya Mwamwindi shujaa aliyetetea shamba lake, hata wakamlinganisha na Nabothi wa Yezreeli. Wako pia wanaomkumbuka Klerruu kama mfia ujamaa tu, bila kugusa kilio cha wakulima. Sisi tunaona kwamba kila upande unamwacha mtu mmoja nje ya huruma yake.

Tuanze na Nabothi. Katika 1 Wafalme 21, yeye alikataa kumwachia mfalme Ahabu urithi wa baba zake, lakini hakuinua mkono juu ya mtu. Yeye ndiye aliyeuawa. Kwa hiyo mfano huo hauwezi kumtakasa aliyefyatua risasi. Hata hivyo sura hiyohiyo inamwonya mwenye mamlaka, kwa kuwa Mungu alimtuma Eliya kumkemea Ahabu kwa ajili ya shamba la mizabibu la raia mmoja. Mungu anayaona mashamba ya watu.

Katika Katekisimo Ndogo, Martin Luther anaifafanua Amri ya Tano kwa upana. Haitoshi kutomdhuru jirani. Tunapaswa pia kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake. Amri hiyo inamkataza mkulima kuua, tena inamdai mtawala alinde riziki ya anayemtawala. Naye Paulo, katika Warumi 13, anamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yetu. Basi anayemuua mtumishi huyo anagusa zaidi ya mtu mmoja, na mtumishi anayesahau kwamba ni mtumishi anajeruhi utumishi wenyewe.

Jina la Klerruu limebaki katika chuo cha ualimu mjini Iringa, na vijana wengi wanaolitamka hawajui lilikotoka. Tungependa waambiwe. Waambiwe kwamba alikuwa mtumishi wa umma aliyekuwa kazini siku ambayo wengi walikuwa mezani na jamaa zao, na kwamba hakuna hasira juu ya ardhi inayohalalisha kifo chake. Waambiwe pia kwamba familia mbili ziliingia katika kilio, mmoja akipotea kwa bunduki, mwingine kwa kitanzi.

Migogoro ya ardhi haijaisha katika nyanda zetu. Mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kijiji na mchungaji bado wanaitwa kusimama mpakani mwa shamba, kati ya watu wawili wenye hasira. Waende mapema, wasikilize kabla ya kuamua, wala asiwepo wa kudhalilishwa mbele ya watoto wake. Kumkumbuka aliyeuawa Isimani ni kuizuia damu nyingine isimwagike.