Pile: Unywele, Mahameli na Jani la Nyasi

Kiskoti cha kale, lugha ya nyanda za chini za Uskoti, kilikuwa na neno pile, ambalo pia liliandikwa pyle. Lilitaja unywele mwororo, na vilevile manyoya mafupi yanayosimama juu ya mahameli. Asili yake ni pilus ya Kilatini, yaani unywele, iliyozaa pia poil ya Kifaransa.

Maana hizo mbili hazikukutana kwa bahati. Mfumaji wa mahameli huongeza mtande wa pili na kuupitisha juu ya fito nyembamba ili ufanye vitanzi. Vitanzi vikikatwa, ncha za hariri husimama wima kama nywele. Kitambaa hicho kiliingia Uskoti kutoka ng'ambo, na hesabu za mtunza hazina wa Mfalme James IV (1488–1513) zinakitaja. Hata jina lake la Kiingereza, velvet, linatokana na villus, yaani kishungi cha nywele. Nasi je? Mahameli yetu ilitoka kwa Waarabu, ambao khaml kwao ni manyoya ya kitambaa. Basi Mlatini na Mwarabu, kila mmoja kwa njia yake, waliona nywele katika nguo ileile.

Ugumu unaanza kwa Robert Burns. Katika shairi lake kuhusu watu wanaojidai wema kupita kiasi, ametumia pyles kwa vipande vya makapi ndani ya nafaka safi. Waskoti wa vijijini walilitumia neno hilo pia kwa jani moja la nyasi. Ni rahisi kusema kwamba nyasi ni nywele za ardhi, hoja ikaisha. Mimi mwenyewe niliandika hivyo katika rasimu ya kwanza, nikaifuta. Pile ya jani inaelekea kwenye pilum, mkuki wa askari wa Kirumi, kwa sababu ya ncha yake. Na pile ya rundo ni neno la tatu, kutoka pila, nguzo. Tahajia imeyavalisha maneno matatu kanzu moja.

Anayedhani jambo hili ni la Waskoti tu na atazame mkono wake. Vinywele vyororo vilivyopo hapo tunaviita malaika, na wapo wanaosimulia kwamba jina limetoka kwa malaika wa mbinguni wanaomlinda mtoto. Hadithi ni tamu, lakini sarufi inaikataa. Kinywele kimoja ni laika, vingi ni malaika, nasi tunasema malaika haya yamesimama kwa baridi. Wa mbinguni ni malaika huyu, malaika hawa, na jina lake ni la Kiarabu, wala hatumwiti laika hata akiwa mmoja. Kiskoti hakina ngeli za kumsaidia mtafiti namna hiyo. Huko imebidi kazi ifanywe kwa kusoma maandishi ya kale moja baada ya jingine, na kamusi kubwa ya Kiskoti cha kale, yenye mabuku 12, ilichapishwa kidogo kidogo tangu 1931 hadi 2002.