Kibarua na Sheria katika Mgodi wa Geita

Asili ya neno kibarua ni barua, yaani hati ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa, akairudisha alipopokea ujira. Sheria ya Kazi ya Tanganyika ya 1955 ilimjua vivyo hivyo: mtu alipwaye mwisho wa siku, asiyeandikwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Basi katika mgodi wa dhahabu wa Geita mwenye mkataba aliachishwa. Kibarua hakuachishwa, ila asubuhi hakuitwa. Sheria ya 1964 iliwazuia waajiri kufukuza watu ovyo, lakini 1966 mgodi ukafungwa. Mgodi mpya ulianza 2000. Nayo Sheria ya Ajira ya 2004 haikumkinga na kuachishwa isivyo haki aliyetumika chini ya miezi 6. Ajabu ni kwamba hata karani wa kudumu akifukuzwa, husemwa kibarua chake kimeota nyasi.